Gunia la Isyonje

Swali la saba, mtihani wa muhula, kidato cha pili:
Gunia la kilo mia limelazwa kwenye mteremko
wa nyuzi thelathini. Eneo linalogusa ardhi
ni nusu mita ya mraba. Tafuta kanieneo.

Nje ya dirisha ukungu umeukalia Uporoto
kama kuku aliyeatamia,
nami nina kalamu ya kuazima.

Kani juu ya eneo. Neno limejifumbua lenyewe.
Mwalimu Asangalwisye alipenda kusema hivyo,
akigonga ubao kwa kifundo cha kidole,
chaki ikimdondokea kwenye suruali ileile ya kijivu.
"Mlimani," alisema, "ardhi haibebi mzigo wote.
Hubeba ile sehemu inayoikandamiza moja kwa moja.
Zidisha kwa kosaini. Inayobaki inataka kwenda."

Inayobaki inataka kwenda.
Niliiandika pembeni mwa daftari,
wala si kwa ajili ya fizikia.

Kwenye karatasi nikaanza: kilo mia na arobaini.

Maana gunia la kilo mia mimi sijaliona.
Nimeona lumbesa, gunia la dalali Mwashilindi,
lililoshindiliwa kwa goti, likajaa, likashindiliwa tena,
likavikwa kilemba cha nyavu na nyasi,
kikashonwa kwa kamba ya katani
hata likanyoosha shingo kama mtu aliyeitwa.
Bei ni ya gunia.
Kilemba hakina bei.

Basi: newtoni elfu moja na mia nne.
Mara kosaini: elfu moja mia mbili na kumi na mbili.
Gawa kwa nusu, na kugawa kwa nusu ni kuongeza maradufu,
jambo ambalo mama hajawahi kulikubali.
Paskali elfu mbili mia nne na ushee.
Udongo wetu ni mweusi, mwepesi, majivu ya mlima uliolala;
kwa hizo elfu mbili unabonyea kidogo, basi,
haujapata kulalamika.

Lakini zile mia saba?
Nusu kamili ya uzito, inayotazama bondeni,
barabarani kwenye Fuso, swali halikuigusa.

Jumamosi mvua ilikuwa imetoka kunyesha.
Msuguano ulikwenda na maji mtaroni.
Mama yangu, Tupokigwe, alilipa gunia mgongo,
akachimbia kisigino kimoja kwenye tuta,
akangoja vijana wa Fuso wamalize chai.
Chai ilikuwa ya moto. Walikunywa wakipuliza.

Usiku alipolala nilikipima kwa rula:
sentimita nane kwa tano, pamoja na mipasuko.
Mia saba juu ya arobaini za mraba
ni paskali laki moja na elfu sabini na tano.
Nilidhani nimekosea sifuri.
Nikarudia kwa tochi ya simu, nikarudia tena,
yeye akajigeuza, akavuta mguu ndani ya blanketi.

Uzito wake mwenyewe sikuuweka.
Sikujua niuandike wapi.

Karatasi ikarudi na mkasi mwekundu.
"Soma swali! Kilo 100." Chini yake, kwa mwandiko mdogo,
kama mtu anayenong'ona akiwa kazini:
"Njia ni sahihi. Alama 2 kati ya 4.
Na gunia hili ninalijua."

Jioni nilipita shambani.
Viazi vilikwisha kwenda, na Fuso, na risiti isiyoandikwa.
Shimo la kisigino lilikuwepo bado, limejaa maji,
na kiazi kimoja, kidogo kama yai la kware,
kilichoponyoka kilembani, kikabiringika,
kilikuwa kimefika pale kikakwama.
Nikakiacha.